Nyumba Zilizofutwa Ukutani

Nyumba ya kwanza kufutwa ilikuwa ya Mama Adventina. Elick aliliona pengo lake asubuhi alipomsindikiza mwanawe Novatus shuleni, binti yake mdogo Kemilembe akiwa mgongoni, kafungwa kanga. Kwenye ukuta wa nje wa darasa la nne, pale alipokuwa amechora kijumba cha bati jekundu chenye migomba ubavuni, palibaki doa la saruji tupu. Mtu alikuwa amekwangua rangi kwa kitu chenye makali. Alikuwa amekwangua bila haraka, maana njia iliyopita chini ya kijumba kile haikuguswa hata kidogo. Jina la Benitha, mjukuu wa Mama Adventina, lililoandikwa pembeni, lilikuwa limeondolewa herufi moja moja.

"Ni watoto hao," alisema Mwalimu Eustadia, mwalimu mkuu, alipoitwa kuja kuona. "Nitawauliza mstarini."

Elick aliitikia tu. Doa lile lilikuwa usawa wa uso wake yeye mtu mzima.

Ramani ile ya kijiji ilikuwa kazi yake ya tatu shuleni hapo, na ndiyo aliyoipenda zaidi. Kabla ya kuhamia Nyabiyonza alikuwa mbunifu wa picha katika kiwanda kimoja cha uchapaji huko Mwanza. Kadi za harusi, mabango ya mikutano ya injili, vibandiko vya chupa za maji, vyote vilipita mikononi mwake. Kiwanda kilipofungwa, mkewe Kemigisha ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi Kayanga, katika ofisi ya kampuni iliyokuwa ikitafuta ardhi ya kulima parachichi. Wakakubaliana kwamba mama aende kazini, baba abaki na watoto. Wakapanga nyumba kijijini, na kila asubuhi Kemigisha akawa anapanda bodaboda kwenda mjini.

Mwanamume anayefua nepi na kuzianika mbele ya watu hakosi kutazamwa. Mwanzoni wanawake wa bombani walimcheka. Mengine waliyasema kwa Kinyambo, lugha ya pale, wakidhani Mhaya wa Muleba kama yeye hataelewa, naye aliyaelewa yote. Elick hakujali sana. Kilichomsumbua ni mikono yake kukaa bure. Siku moja akaenda kwa Mwalimu Eustadia akamwambia kuwa kuta za shule zinampa huzuni.

Akaanza na mwili wa binadamu kwenye ukuta wa darasa la tano, moyo na mapafu na vyote. Kisha akachora jedwali la kuzidisha kwa umbo la mkungu wa ndizi, kila chana ikiwa ya namba yake. Watoto wakawa wanaimba jedwali huku wakigusa ndizi. Wazazi wakaja kutazama, na wanawake wa bombani wakaacha kucheka. Mama Adventina, ambaye kibanja chake, shamba la migomba lenye nyumba yake, kilikuwa mlimani juu ya shule, akazoea kumshikia Kemilembe wakati Elick yuko juu ya ngazi, na jioni alimtumia ndizi na maharage mabichi kupitia kwa Benitha.

Ndipo ikaja ramani. Kila mtoto wa darasa la nne alieleza nyumba yao ilipo, bati lake lina rangi gani, mlango umeelekea wapi, na Elick akaichora mahali pake na kuandika jina la mtoto. Ili asikosee alizunguka njia zote za kijiji akiwa na karatasi, penseli na simu. Siku moja mlimani akakutana na Mzee Aristides, mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapima nini?"

"Napima njia tu, mzee. Kwa ajili ya ramani ya watoto shuleni."

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa na mtu. Najitolea."

"Unajitolea," Mzee Aristides alirudia, kana kwamba neno lenyewe lilikuwa na harufu. Akaitazama ile karatasi, akamtazama na mtoto aliyelala mgongoni. "Mtu mzima anaacha shughuli zake, anapima njia za watu, na hakuna aliyemtuma. Haya. Nenda salama."

Kwa hiyo nyumba ya Mama Adventina ilipofutwa, jina la kwanza lililomjia Elick kichwani lilikuwa la mzee huyo. Aliichora upya nyumba ile. Haikumaliza wiki. Safari hii ilifutwa pamoja na nyumba mbili za jirani, kisha zikafuata nyingine, mpaka mlima wote ukutani ukawa hauna mtu. Nyumba za bondeni hazikuguswa, wala kanisa, wala mnada. Mlimani tu.

Akaanza kuona mambo ambayo pengine yalikuwepo siku zote. Alipofika bombani mazungumzo yalikatika, na ndoo zikajazwa kimya kimya. Benitha akaacha kuleta ndizi. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, Elick alikaanga bakuli zima, akamtuma Novatus alipeleke kwa Mama Adventina. Bakuli likarudi limefunikwa vilevile.

"Amesema wameshiba," Novatus alisema. Kisha akaongeza, "Na Benitha hataki tena tukae dawati moja. Amesema bibi yake amemkataza kuniambia mambo ya kwao."

"Mambo gani?"

"Hakusema. Si ndiyo amekatazwa."

Elick alimwendea Mwalimu Eustadia. Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari, na hakuinua uso.

"Mwalimu, kuna nini mlimani?"

"Kwani wewe hujui?"

"Nijue nini?"

Hapo Eustadia aliinua macho, akamtazama. Ni mwanamke aliyekuwa akimpigia makofi mbele ya wazazi, lakini macho yale yalikuwa ya mtu anayekagua noti kama ni halali. "Baba Novatus," alisema, "mimi ni mtumishi, nakaa na watu wote. Ukuta ule kwa sasa uache kama ulivyo."

Akarudi nyumbani na maneno hayo yakimzunguka. Kwani wewe hujui. Alijiuliza kama Mzee Aristides amewaambia watu kuwa yeye ni mchawi, au ni mtu wa kodi. Alijiuliza kama ni Mwalimu mwenyewe aliyewaruhusu wageni fulani kuja kuitazama ramani, sasa anaficha. Kila aliyempita njiani alimpimia mkono: huyu anaufikia ukuta, huyu haufikii. Aliona aibu kwa mawazo hayo, na bado hakuweza kuyaacha.

Jumapili alimwambia Kemigisha kuwa tumbo linamsumbua. Kemigisha akawachukua watoto wakaenda kanisani, kwa Walutheri wenzao. Elick akapita nyuma ya migomba mpaka shuleni, akaingia darasa la nne na kukaa chini ya dirisha. Shule isiyo na watoto ina ukimya wake. Alisikia mbuzi, kisha kengele ya Wakatoliki ng'ambo. Baada ya misa ya kwanza kuisha, alisikia ukuta ukikwaruzwa.

Alitoka nje polepole.

Alikuwa Mama Adventina. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, rozari bado ikiwa shingoni, na mkononi alikuwa na kisu cha kumenyea ndizi. Alikuwa akimalizia mstari wa njia inayopanda mlimani. Alimwona Elick na hakushtuka wala hakuficha kisu.

"Shikamoo, mama," Elick alisema, maana hakujua aanze na nini kingine.

"Marahaba."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini, waitu mama? Nilikukosea nini? Si ulinishikia mtoto wakati nachora?"

"Nilikushikia." Mama Adventina akapangusa kisu kwenye upindo wa kitenge. "Nilikushikia mtoto ili upate nafasi ya kuwaonyesha watu mlango wangu."

"Watu gani?"

"Usiniulize mimi. Kaulize nyumbani kwako."

Alitaka kuondoka, Elick akamzuia njia, kisha akajiona anamzuia mama mzima njia, akasogea pembeni. Pengine ni kule kusogea kulikomfanya Mama Adventina asimame. Akasema akiwa ameugeukia ukuta.

"Walikuja vijana wawili na gari. Hawakuuliza njia kwa mwenyekiti, hawakuuliza kwa mtu yeyote. Walikuja moja kwa moja mpaka kwangu, wakapitia mlango wa nyuma, kwa sababu walijua mlango ninaoutumia uko nyuma. Wakasema, 'Hapa ni kwa kina Benitha.' Mtu ambaye sijawahi kumwona anamtaja mjukuu wangu. Kwenye simu yake nikaona ukuta huu. Nikaiona nyumba yangu, na migomba yangu uliyoichora vizuri."

"Walitaka nini?"

"Walitaka kibanja. Wakasema kampuni itachukua mlima wote, na wenzangu wote wamekwisha kukubali, nimebaki mimi peke yangu. Wakataja nyumba moja moja kwa majina ya watoto: hawa wamekubali, hawa wamekubali, hawa wamekubali. Tangu siku ile jirani yangu akinisalimu najiuliza ameniuza au bado. Na yeye ananitazama hivyohivyo." Akaweka kisu kwenye mkoba, pamoja na kitabu cha nyimbo. "Mimi kusoma sijui sana. Ila nilijua kwamba nikiufuta ukuta, mwingine hatanifikia."

Elick alirudi nyumbani bila kuiona njia. Kampuni ya parachichi. Kemigisha alikuwa amemwambia, tena zaidi ya mara moja, kuwa shamba litakuwa Kyerwa, mbali huko. Nani basi alipiga picha ukuta? Siku ya kuizindua ramani walikuwepo wazazi wengi wenye simu. Alijitajia wazazi hao wote, mmoja baada ya mwingine, kabla hajathubutu kumfikia yule aliyesimama mbele kabisa siku hiyo, aliyemwomba asogee pembeni ili picha ipate ukuta mzima.

Hakuuliza mchana. Alimtazama. Kemigisha alirudi kutoka kanisani, akavua viatu, akapika, akacheka na watoto. Simu yake ilipolia aliipokelea nje. Ilipolia tena aliizima. Elick alikumbuka kwamba kwa wiki kadhaa simu ile ilikuwa ikilazwa kifudifudi mezani, naye alikuwa amejiambia kuwa ni kazi nyingi. Jioni, watoto wakicheza uani, alimkuta jikoni akimenya ndizi.

"Shamba liko Kyerwa?" aliuliza.

Kisu cha Kemigisha kikasimama. "Kwa nini unauliza?"

"Nimeuliza tu. Liko Kyerwa?"

"Lilikuwa Kyerwa. Kule kukawa na mgogoro. Wakaanza kutazama na huku."

"Picha ya ukuta uliwapa wewe?"

Kemigisha aliweka kisu juu ya maganda. Kisha akasema, "Niliiweka kwenye simu kama mtu anayejivunia mume wake. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu: tazameni kazi ya mume wangu, anayekaa nyumbani. Bosi akasema ni nzuri, nimtumie. Nikamtumia. Elick, naapa, sikuwaza chochote."

"Na ulipojua?"

"Niliikuta imechapishwa, iko ukutani ofisini. Nyumba za mlimani zimewekwa alama."

"Lini?"

Kemigisha aliokota ndizi nyingine. Alisema, "Ningefanyaje? Nikiacha kazi tunakula nini? Wewe na rangi zako za bure?"

Maneno hayo yalimkata Elick. Alijua kuwa kwa sehemu yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akatoka nje akakaa kwenye kizingiti. Kemilembe akaja kumkalia mapajani, na kwa kitambo alimfikiria mkewe kama mtu aliyekutana naye safarini. Hakuwa na uhakika tena ni mangapi mengine aliyokuwa ameambiwa kwa nusu.

Baada ya muda Kemigisha naye alitoka, akasimama nyuma yake.

"Wamekubali wote?" Elick aliuliza bila kugeuka. "Wale wa mlimani. Mama Adventina ameambiwa amebaki peke yake."

"Nani kamwambia hivyo?"

"Vijana wa gari."

"Hakuna aliyekubali," Kemigisha alisema. "Hata mmoja. Kila Ijumaa bosi anafoka kwa sababu hiyo."

Elick aligeuka. Wakatazamana, na kila mmoja akaona kuwa mwenzake amekwisha kuelewa.

Kesho yake alimwendea Mzee Aristides na kumweleza yote, bila kumficha mkewe wala kujificha mwenyewe. Mzee alimsikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Kwa hiyo ulitumwa," alisema mwishoni, "ila hukujua."

"Labda ni hivyo, mzee."

"Na sasa nitajuaje kuwa hujatumwa tena? Uwaambie watu hakuna aliyekubali, watu wakae wametulia, halafu gari lije na tingatinga. Hata hilo linawezekana."

Elick alisema, "Itisha kikao, mzee. Usiniamini mimi. Waulize wao kwa wao."

Kikao kilifanyika shuleni, chini ya ukuta uleule, kwa sababu Mwalimu Eustadia alikataa watu wafungiwe darasani na wengine wasisikie. Watu wa mlimani walikuja, lakini kila kaya ilikaa peke yake, na kati ya benchi na benchi paliachwa nafasi. Elick alimtafuta Kemigisha kwa macho. Asubuhi hiyo alikuwa ameondoka kwenda kazini kama kawaida, bila kusema atakuja au hatakuja, na Elick alikuwa amejikataza kuuliza.

Mzee Aristides alisimama. "Swali ni moja," alisema. "Nani amekubali kutoa kibanja? Asimame. Hakuna atakayemgusa."

Hakusimama mtu. Watu wakaangaliana kwa pembe za macho. Mwanaume mmoja akasema kwa Kinyambo kuwa mwizi hawezi kujitaja kikaoni, na baadhi wakaguna kumuunga mkono. Hali ikaanza kuharibika. Mtu akauliza mbona fulani ananunua bati jipya. Fulani akainuka kwa hasira.

Hapo ndipo bodaboda ilipoingia uwanjani na Kemigisha akashuka, bado amevaa nguo za ofisini. Alipita katikati ya mabenchi akiwaamkia wazee, akasimama mbele ya ukuta.

"Shikamooni. Mimi ni mama Novatus. Nafanya kazi kwenye kampuni ile, au nilikuwa nafanya mpaka asubuhi hii. Picha ya ukuta huu niliwapa mimi. Mume wangu hakujua." Akawageukia watu wa mlimani. "Nimekaa kwenye vikao vyao. Hakuna hata kaya moja ya mlimani iliyokubali. Kila mmoja wenu ameambiwa amebaki peke yake. Waliwaambia hivyo makusudi, kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Kama mnaona nadanganya, kila mmoja amwulize jirani yake aliambiwa nini, mbele ya watu."

Mama Adventina akainuka, akamgeukia jirani yake, mwanamke ambaye kwa wiki nyingi hawakuwa wamesalimiana vizuri.

"Mimi niliambiwa wewe umekubali," alisema.

"Na mimi niliambiwa wewe," jirani akajibu, "tena wa kwanza."

Ikaenda hivyo benchi hadi benchi. Wengine walicheka, wengine walilia. Yule wa bati jipya alieleza kuwa ni la mwanawe aliye Bukoba, na safari hii akaaminiwa. Kabla ya jua kushuka watu wa mlimani walikuwa wameahidiana kwamba hakuna atakayeongea na kampuni peke yake, na atakayefuatwa atasema, "Njoo mbele ya wote." Gari lilikuja mara nyingine mbili. Kila mara lilikuta baraza zima la watu kwenye mlango mmoja, likarudi lilikotoka. Baadaye ikasikika kuwa kampuni inatazama ardhi upande wa Nyakakika, na wengine wakasema itarudi. Hakuna aliyekuwa na hakika.

Hakuna aliyemshukuru Kemigisha, na hakutegemea kushukuriwa. Alipata kibarua cha kuandika hesabu katika chama cha kahawa, siku tatu kwa wiki, na siku nyingine yeye ndiye aliyefua nepi. Yeye na Elick walizungumza kwa adabu kwa muda mrefu, kama watu wanaobeba kitu kizito kwenye mlango mwembamba. Siku moja simu yake ilipolia alimwambia Elick aipokee, mikono yake ina sabuni. Elick akaipokea. Alikuwa mama mkwe wake, akiulizia watoto.

Muhula ulipofunguliwa, Mwalimu Eustadia alimwita Elick kuhusu ukuta. Alitaka mlima urudi, japo bila majina.

"Nitawauliza wenyewe kwanza," Elick alisema.

Alipanda mlimani na Kemilembe mgongoni, nyumba kwa nyumba, akibisha hodi mlango wa mbele. Wawili walikubali. Wengine walisema watafikiri. Mama Adventina alimkaribisha mpaka uani, akampa kigoda, akamchukua mtoto na kumpa ndizi mbivu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Rangi zako nzuri, Baba Novatus," alisema. "Kachore kanisa, kachore mto. Yangu iache."

"Nimekuelewa, mama."

"Hata wakiniuliza watoto, nitawaambia nimekukataza mimi."

Akamfunga Kemilembe vizuri mgongoni mwa baba yake, akakaza fundo la kanga, akasimama uani akimtazama Elick mpaka alipofika njia kuu.